Nakala za Huruma

1

Siku moja kabla ya Kufunga, Mama Damari aliingia ofisini kwetu bila hodi, akaketi kwenye kiti cha mkuu wa ofisi, akatangaza kwamba hatoki mpaka mtoto wake awekwe ndani ya boksi lake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mtoto wangu."

"Hicho kiti ni cha Mzee Chitema."

"Akija atakaa mezani. Mtoto wangu."

Kazi yangu ni kuchagua. Simchagui diwani, wala mchumba. Huyo wa pili namtafuta kwa muda wangu binafsi na bado hajajitokeza. Nachagua vitu ndani ya Ukurasa. Mji wetu wa Tambarare wote umeandikwa kwenye Ukurasa mmoja. Boksi la mji lina maboksi ya mitaa, boksi la mtaa lina maboksi ya tembe, na ndani ya tembe ndimo tulimo sisi, wenye nywele na wenye vipara, kila mtu na kiboksi chake. Ukiwemo ndani ya boksi la tembe, mlango wake unakufungukia na baridi ya bomba inapimwa kwa kukuhesabu wewe pia. Usipokuwemo, mlango haukujui hata kama wewe ndiye uliyeupaka rangi.

Na kesho yake jioni ilikuwa Kufunga. Jua la Msimu Mkuu likimkuta kuku uwanjani, jiko halihitajiki. Basi mji mzima hushuka kwenye tembe za chini ya ardhi, zile tulizochimba kwa mfano wa tembe za mababu ila tukazigeuza ziangalie chini, na Ukurasa hufungwa. Unaweza kusomwa, hauwezi kubadilishwa, mpaka mvua ya kwanza. Boksi linalokukuta wakati wa Kufunga ndilo utakaloishi nalo.

"Msimu uliopita nilitolewa kwa machela," Mama Damari alisema. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Niko peke yangu mle ndani. Fungu la mtu mmoja halipozi tembe, linapoza kikombe. Daktari ameniambia moyo huu hautoki mara ya pili."

"Kwa nini usihamie kwa Mama Perisi? Si mdogo wako, tena mnagawana ukuta?"

"Na mbegu?"

Nilikuwa nimesahau. Mbegu za uwele za mtaa mzima zimo kwenye vihenge vyake. Akihama, boksi lake linabaki tupu, na boksi tupu hufutwa siku ya Kufunga, bomba linazibwa, mbegu zinaiva zikiwa kwenye kihenge.

"Mvua ikija mtapanda nini," akaniuliza, "maneno yako?"

"Yanaota haraka, mama."

"Ndiyo shida yake. Nyemo wa Perisi analala kwangu, anakula kwangu, ananiita mama. Tukiwa wawili baridi inatosha. Mwandike kwangu, wewe mjukuu wa Mwendwa, kabla sijakasirika."

Nikavuta kibodi. Hapa lazima niseme kitu, maana watu hudhani kuchagua ni kubonyeza tu. Ukurasa ukiuuliza hovyo hukujibu hovyo. Ukisema nipe mtoto aliye kwenye tembe ya Perisi, unakupa wa kwanza unaomkuta njiani, na wa kwanza ni Lameki, kaka yake Nyemo, ambaye Mama Damari angemrudisha kwa teke. Inabidi utaje boksi la nje, ushuke hatua kwa hatua, halafu umtaje unayemtaka kwa alama ambayo mwingine hana:

`let nyemo = document.querySelector('#tembe-perisi .mtoto[data-jina="Nyemo"]');`

`document.querySelector('#tembe-damari').append(nyemo);`

Nikabonyeza. Kwenye kioo, tembe ya Damari ikaandika watu wawili kwa rangi ya kijani. Mama Damari akainuka kwenye kiti cha mkuu, akanishika kichwa kama anayepima papai, akaenda zake.

Nilijiona nina akili sana. Hali hiyo kwangu huwa haidumu.

2

Chai yangu haijapoa, Mama Perisi akaingia, mkono mmoja kamshika Nyemo, mwingine kashika kandambili moja.

"Mlango wangu," alisema, "umemwita mwanangu mgeni."

"Umeniambia, 'Mgeni, subiri mwenyeji,'" Nyemo alisema kwa furaha. Alikuwa na umri wa kuona kila balaa ni mchezo. "Nikausubiri."

"Ametoka kwenda kumwaga maji, kurudi kafungiwa nje. Juani. Umefanya nini, Sechelela?"

Nikamweleza. Nikiwa katikati ya maelezo, Mama Damari akarudi mbio, maana majirani wa Tambarare hupeleka habari kabla hazijatokea. Wakasimama pande mbili za meza yangu, dada mtu na mdogo mtu, wanafanana pua na ukaidi.

"Nilisema awe na kwangu," Mama Damari aliniambia. "Sikusema atoke kwake."

"Ukurasa haujui hivyo, mama. Kila kitu kina boksi moja tu linalokibeba. Ukikiweka kwingine, hakigawanyiki. Kinatoka kilikokuwa, chenyewe, bila kuaga."

"Nani aliamua hivyo?"

"Ndivyo Ukurasa ulivyo."

"Basi huo Ukurasa hauna shangazi," alisema Mama Perisi.

"Hauna mama mkubwa," dada yake akamsahihisha.

Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu za Ukurasa nione Nyemo aliwekwaje tangu mwanzo, nikacheka peke yangu mpaka wakanitazama vibaya. Wahesabu watu walipopita miaka ile ya kwanza walikuja na swali lililotungwa mbali: mama yako ni nani? Wakawauliza watoto wa Tambarare. Na mtoto wa Tambarare ukimuuliza mama yake ni nani anakujibu kweli tupu: anakuonyesha mama mzazi, mama mkubwa, mama mdogo, na yule wa nyumba ya tatu anayetoa maandazi. Wahesabu wakaandika wote. Kila walipoandika mama mpya, Ukurasa ukamng'oa mtoto kwa mama wa kwanza ukampachika kwa wa pili, kisha kwa wa tatu. Nyemo alipachikwa kwa Damari, akaenda kwa Perisi, akarudi, akaishia kwa Perisi kwa sababu ndiko mhesabu alikokwenda mwisho kuomba maji ya kunywa.

"Maana yake watoto wote wa mji huu," nikasema, "wako pale walipo kwa sababu ya kiu ya mhesabu."

Hawakucheka. Mama Perisi alikuwa anamtazama dada yake.

"Mimi sikunyimi mtoto, dada," alisema taratibu. "Hata siku moja sijakunyima. Lakini mlango ukifungwa umefungwa. Msimu mzima niwe upande wa pili wa ukuta, namsikia anakohoa, siwezi kumshika paji la uso?"

"Nilimwachisha kunyonya mimi."

"Ulimwachisha, ndiyo. Na mimi nilimzaa. Haya tumpasue."

Mama Damari akakaa. Safari hii hakuchagua kiti, alikaa kwenye kreti ya betri.

"Mrudishe," akaniambia. "Mtoto hafungiwi nje ya kwao."

Nikamrudisha. Tembe ya Damari ikaandika mtu mmoja, nyekundu. Ile rangi nilikuwa naiona kila siku ya Mungu na haijawahi kunisemesha. Siku hiyo ilinisemesha.

"Mama," nikasema, "msirudi nyumbani kwanza. Nipeni mpaka saa nane. Sitafunga Ukurasa huu ukiwa mwekundu kwenye boksi lako."

3

Mzee Chitema alirudi akinuka mafuta ya mashine. Ni mtu mpole. Akikanyaga siafu humwomba radhi. Nikamsimulia, akanisikiliza akiwa amevua miwani, kisha akaenda kufunga mlango wa ofisi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Nakili mtoto," alisema.

"Nini?"

"Kuna njia. Humhamishi. Unamfanyia nakala, na kila kilichomo ndani yake, unaibandika kwa Damari. Nyemo halisi anabaki kwa mama yake. Bomba linaona watu wawili kwa Damari, linatoa mafungu mawili. Mwanamke anapona. Andika `cloneNode(true)`, halafu nakala uiongeze darasa, yaani alama ya kundi, la `huruma`, ili sisi wenyewe tusije tukachanganya nani yupo na nani hayupo."

Alilisema lile jina la darasa kwa wepesi sana. Mtu anayebuni jina papo hapo husitasita kidogo. Yeye hakusita.

"Mzee," nikasema, "hii ni mara ya ngapi?"

Akaanza kufuta miwani.

Swali kwa Ukurasa ni rahisi kuliko swali kwa mkubwa wako. Nikaandika:

`document.querySelectorAll('.mtu.huruma');`

Hili halirudishi wa kwanza tu kama lile jingine. Hili linashuka kwenye kila boksi, mpaka kona ya mwisho, na kuwatoa wote walio na alama uliyoitaja. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo. Yakashuka, yakashuka, nikadhani nimekosea kuandika. Sikuwa nimekosea.

"Kila mmoja alikuja akilia hapo ulipokaa," Mzee alisema. "Mjane. Mgonjwa. Bwana aliyefiwa na watoto. Ningewaambia nini? Kanuni?"

"Ulifanya vizuri kwa kila mmoja," nikasema, na nilimaanisha.

Lakini mashine ya baridi haina huruma wala chuki. Ina pumzi moja ya mji mzima, na inaikata kwa idadi ya watu iliowaona. Ikiona watu mia, inakata mara mia. Ikiona watu mia na nakala thelathini, inakata mara mia na thelathini, na kila fungu linakonda. Waliokuja kulia kwa Mzee walipata mafungu mawili membamba. Mama Damari hajui kulia mbele za watu. Alikaa peke yake na fungu moja jembamba, akatolewa kwa machela. Ile machela ilisukwa humu ofisini, uzi baada ya uzi, kwa nia njema.

"Nikiongeza nakala ya Nyemo," nikasema, "Damari atapona, na fungu la kila mtu litakonda tena kidogo. Kuna mwingine mahali fulani yuko peke yake na hajui kulia. Msimu huu machela itakuwa yake."

"Humjui huyo."

"Ndiyo maana anaumia, Mzee. Hatumjui."

Akavaa miwani, akasogea kusoma kioo pamoja nami, kisha akanyoosha mkono haraka kama anayetaka kukifunika. Nikauona mstari aliotaka kuuficha. Ulikuwa na jina langu.

Sechelela, darasa `mtu huruma`, ndani ya `#tembe-mwendwa`.

Bibi yangu Mwendwa anaishi ng'ambo ya machimbo ya kokoto, peke yake, kando ya kaburi la babu. Hahami. Tumejaribu kumhamisha kwa maneno, kwa machozi, na mara moja kwa toroli. Mimi halisi nimeandikwa kwenye boksi la ofisi, kwa sababu mchaguzi hulala ofisini msimu wote.

"Nilikuhitaji hapa," Mzee alisema. "Nikaona nikikuambia bibi yako hali yake ikoje utaondoka. Nikakuwekea huko nakala."

Kwa kawaida mimi huwa na jibu. Mwalimu wangu wa kidato cha pili aliwahi kuandika kwenye ripoti kwamba nitajibu hata nikizikwa. Pale niliusoma ule mstari tena na tena, mpaka Mzee akaniuliza kama nataka maji.

"Sitaki maji," nikasema mwisho. "Nataka sururu."

4

Hesabu yenyewe ni hii. Damari ni mmoja. Kwa Perisi wako watano: yeye, mumewe Ndahani, na watoto watatu. Mafungu sita, tembe mbili, ukuta mmoja wa udongo katikati. Ukurasa unakataa mtoto mmoja ndani ya maboksi mawili. Haukatai maboksi mawili ndani ya boksi moja. Na ukuta wa udongo haukatai sururu.

Niliwaeleza wote saa nane, wamesimama kwenye kivuli cha ofisi, Ndahani akiwa ameegemea sururu niliyoiomba kwa fundi wa bomba.

"Mnatoboa ukuta, mnakuwa tembe moja yenye vyumba viwili. Baridi inapita tundu. Mbegu zinabaki kwenye vihenge vyake. Nyemo atalala upande anaoutaka."

"Na baridi yetu?" Mama Perisi aliuliza.

Sikumpamba. "Itapungua. Sasa hivi mna mafungu matano kwenye tembe moja, mnalala na shuka. Mtakuwa na sita kwenye tembe mbili. Shuka mtaitupa. Watoto wataamka na jasho."

"Watakuwa hatarini?"

"Hapana. Watakuwa na hasira."

Akatazama watoto wake watatu, mmoja mmoja, kama anayewahesabu upya. Mama Damari alikuwa ameangalia pembeni ili asionekane anaomba.

"Hasira wanazo tayari," Mama Perisi alisema. "Toboa."

Basi nikadhani tumemaliza. Wapi. Ukigusa boksi Tambarare, umegusa ukoo.

"Boksi la nje linaitwaje?" Mama Damari aliuliza. "Mimi siwezi kuandikwa ndani ya tembe ya mdogo wangu. Mkubwa hawekwi ndani ya mdogo."

"Basi tuandikwe ndani ya yako," mdogo mtu akasema.

"Mimi?" Ndahani akaamka kwenye sururu. "Niandikwe ndani ya shemeji? Mtaa mzima usome?"

Nikawaambia nitatengeneza boksi jipya kabisa, la nje, lenye jina la baba yao, marehemu Mzee Mazoya, na wao wote waingie humo kwa heshima sawa.

Ndahani akafikiri. "Hapo tena nitakuwa naishi ukweni."

"Mkwe mwenyewe amekufa," mkewe akamwambia. "Utamwonea aibu nani? Piga ukuta."

Akapiga ukuta. Nami nikarudi ndani kupiga wangu, ambao una mtego wake. Kila mtu anapobisha, mlango unapanda kutoka kwenye kiboksi chake kwenda juu, boksi hadi boksi, ukitafuta `closest('.tembe')`, yaani tembe ya kwanza iliyo karibu naye, na hapo unasimama. Kama ningeweka tu boksi la Mazoya nje na kuziacha zile mbili za ndani zikiitwa tembe, mlango ungekuwa unasimama kwenye zile za ndani, na Nyemo angekuwa mgeni tena kwa mmoja wa mama zake. Kwa hiyo zile za ndani nikazivua cheo, zikawa `chumba`. Boksi la nje ndilo likabaki `tembe`.

`kaya.append(tembeYaDamari, tembeYaPerisi);`

Maboksi mawili yakahama na kila kilichokuwamo, watu na vihenge, yakaingia kwa Mazoya. Nikauliza Ukurasa: `.mtu` wote walio ndani ya `#kaya-mazoya`, kwa kina chochote. Ukajibu sita. Kijani.

Nyemo alitumwa kujaribu. Akaingia mlango wa Perisi, akapita kwenye tundu la ukuta, akatokea mlango wa Damari, akazunguka tena. Alirudia mpaka Ndahani akamwambia atatoboa na tundu la kumtolea nje.

Tukaendelea. Mzee Chitema alichukua mitaa ya juu, mimi ya chini, kila mmoja na orodha ya darasa la huruma kwenye simu. Kwa kila nakala tulitafuta jirani anayegawana ukuta, tukabisha, tukaeleza, tukaomba. Mjane wa fundi saa alitoboa kwa mwenye duka. Wazee wawili ambao hawakusalimiana tangu mbuzi wa mmoja alipokula kofia ya mwingine waligoma mpaka asubuhi, kisha nikawakuta wanabishana tundu likae wapi, nikajua yameisha. Bibi mmoja alikataa katakata kutoa nakala ya mwanawe, akaniambia ile ndiyo iliyobaki ya mtoto aliyeondoka. Nilikaa naye. Sikumtania. Mwishowe alisema jirani yake akiweza kuvumilia redio yake, basi.

Kila nyumba iliyokubali, nilifuta nakala yake, na fungu la kila mtu mjini likanenepa kidogo. Ilibaki moja.

5

Jioni ya Kufunga ofisi ilikuwa na harufu ya vumbi la udongo kutoka kwenye nguo zetu. Mzee Chitema alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ameuliza Ukurasa swali lile lile la darasa la huruma, na kioo kimejibu kwa mstari mmoja.

"Acha huo," alisema. "Mmoja tu, kwa mji mzima. Fungu litapungua unywele. Hakuna mtu atakayehisi."

"Ndivyo ulivyosema kwa yule wa kwanza?"

"Ndivyo nilivyosema kwa kila mmoja," alikubali.

Bibi yangu hana ukuta wa kutoboa. Upande mmoja machimbo, upande mwingine babu, na babu hahesabiwi. Nikifuta nakala, anabaki na fungu moja. Nikiiacha, nimewavunjia kuta watu wa mji huu kutwa kucha kwa kanuni ambayo kwangu haikufika. Yule bibi wa redio ningemtazamaje mvua ikinyesha?

"Una mtihani," Mzee alisema. "Mtihani wa mchaguzi mkuu uko kwenye mashine hii, ndani ya msimu huu. Ukikosa unasubiri mwingine. Na huko kwa bibi yako hakuna hata kibodi."

"Kuna kinu."

"Sechelela."

"Nakuelewa, Mzee. Mita za bomba utazisoma mwenyewe. Una macho manne ukivaa miwani. Ukurasa ukifungwa hamna cha kuchagua tena."

Mzee akafanya kitu kilichonikaa moyoni: akainuka, akanipisha kwenye kiti chake ili niandikie hapo.

Kwanza niliifuta nakala. Tembe ya Mwendwa ikawa nyekundu. Halafu nikajitafuta. Ni kitu cha ajabu kujichagua. Nilishuka kutoka mji, mtaa, ofisi, mpaka nikajikuta kwenye kona, kiboksi kidogo chenye jina langu na urefu nilioudanganya kwenye fomu.

`document.querySelector('#tembe-mwendwa').append(mimi);`

Nikabonyeza. Kijani. Na mlango wa ofisi ukasema nyuma yangu, kwa sauti ile ile ya siku zote, "Mgeni, tafadhali toka kabla ya Kufunga."

"Umesikia," nikamwambia Mzee. "Nafukuzwa kazi na mlango."

"Nenda," alisema. "Mvua ikija, njoo ubishe hodi. Nitakufungulia kwa mkono."

Niliikata njia ya machimbo nikikimbia, kitambaa chenye maji kichwani. Kokoto zilikuwa bado zinachoma kupitia soli. Mlango wa bibi ulifunguka kabla sijaugusa, nikashuka ngazi, nikamkuta ameketi mkekani anachambua kunde. Hakuinua uso.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Funga mlango, joto linaingia."

"Unajifunga wenyewe, bibi."

"Basi usiuzuie." Akachambua kidogo. "Msimu uliopita huu mlango ulikuwa mwongo. Kila jioni ulikuwa unaniambia, wamo Mwendwa na Sechelela. Nikawa nageuka nikutazame."

Nikaketi mkekani kando yake.

"Nikawa nakuwekea na mboga," akaendelea.

"Nani alikuwa anaila?"

"Mimi. Ningeitupa?" Akasogeza ungo, akanipa nusu ya kunde nichambue. "Ulikuwa huli sana wewe. Sasa naona utanimalizia."

Juu yetu mlango ukashuka, mpira wake ukabana, na bomba likaanza kupumua. Kisha ile sauti ikasoma waliomo, kama inavyosoma kwenye kila tembe ya Tambarare, mara moja wakati wa Kufunga na kila jioni baadaye.

"Wamo Mwendwa na Sechelela."

Bibi akageuza kichwa kutazama, kwa mazoea. Safari hii nilikuwepo, na kichwa hakukirudisha haraka.